Dola milioni 247 na senti 42: kisa cha ardhi ya Wakayuga

Tarehe 2 Oktoba 2001, Jaji Neal McCurn wa mahakama ya shirikisho kaskazini mwa New York alifunga hesabu: dola 247,911,999 na senti 42. Hizo ndizo fedha ambazo jimbo la New York lilitakiwa kuwalipa Wakayuga, taifa mojawapo la wenyeji asilia wa Marekani, kwa ekari 64,015 lilizozichukua kwa mikataba miwili, wa 1795 na wa 1807, yote miwili kinyume cha sheria ya nchi. Kesi ilikuwa imekaa mahakamani karibu miaka 21. Hadi leo hawajapokea hata zile senti 42.

Hakuna ushahidi mpya uliopatikana baada ya hapo, wala hati ya mauzo iliyosahaulika kabatini. Mahakama ya Rufaa iliyoifuta hukumu hiyo mwaka 2005 haikusema kwamba mikataba ile ilikuwa halali. Ilisema Wakayuga wamechelewa.

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Methali hii humwonya anayesuasua, na ukiiandika kwa lugha ya mawakili utapata takriban kile walichokiandika majaji wale. Kwa hiyo sitauliza hapa kama Wakayuga waliibiwa, maana hilo McCurn alishalimaliza. Nauliza nani hasa alichelewa.

Ardhi yenyewe

Wakayuga ni mojawapo ya mataifa ya Haudenosaunee, yaani watu wa nyumba ndefu, ambao Wafaransa waliwaita Iroquois. Walikuwa mataifa matano kwanza, Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga na Seneca, kisha mapema katika karne ya 18 wakajiunga Watuscarora wakawa sita. Makao ya Wakayuga yalikuwa pande zote mbili za ziwa lenye jina lao, mojawapo ya yale maziwa membamba ya katikati ya New York yanayoonekana kwenye ramani kama alama za vidole. Walilima mahindi, maharage na maboga, na kufikia karne ya 18 walikuwa pia na bustani kubwa za matunda.

Bustani hizo nazitaja kwa makusudi. Mwaka 1779, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, George Washington alituma jeshi chini ya Jenerali John Sullivan kwenda kuteketeza vijiji vya mataifa ya Haudenosaunee yaliyoelemea upande wa Waingereza. Zaidi ya vijiji 40 vilichomwa moto. Katika kijiji kimoja cha Wakayuga, Chonodote, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa, askari walikata mipichi ipatayo 1,500. Mpichi hauoti kwa msimu mmoja. Mtu akikata miti 1,500 ya matunda hakusudii kumnyima adui chakula cha mwaka huo tu. Wengi wakakimbilia ngome ya Niagara. Baadaye wengine walikwenda kwenye mto Grand, ng'ambo ya mpaka, ambako leo ni Kanada, na wengine wakahamia kwa ndugu zao Waseneca karibu na Buffalo. Kutawanyika huku kutarudi mbele ya safari, kwa sababu kila ilipofika zamu ya kulipa, jimbo liliuliza Wakayuga ni wepi hasa.

Vita vilipokwisha, New York haikuwa na fedha za kuwalipa askari wake, lakini iliwaahidi ardhi. Ikakata viwanja katikati ya nchi ya Waonondaga na Wakayuga, na vitongoji vikapewa majina ya Kiroma na Kigiriki: Romulus, Ovid, Aurelius, Homer. Ukipita huko leo utadhani Julius Caesar ndiye aliyeipima ardhi hiyo.

Tarehe 25 Februari 1789, mjini Albany, Wakayuga waliliachia jimbo karibu nchi yao yote. Walibakiza ekari 64,015 kuzunguka ncha ya kaskazini ya ziwa, kwa maneno kwamba ni zao na vizazi vyao, na wakaahidiwa dola 500 kila mwaka. Kesi hii yote inahusu hicho kipande kilichobaki.

Sheria ya 1790 na feri ya 1795

Mwaka uliofuata, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya biashara na mahusiano na wenyeji asilia. Shabaha yake ilikuwa majimbo na walanguzi: hakuna mtu wala jimbo litakalonunua ardhi ya taifa la wenyeji isipokuwa kwa mkataba chini ya serikali ya shirikisho. Mwezi Desemba mwaka huo huo Washington, sasa akiwa rais, aliwaeleza machifu wa Seneca maana yake. Aliwaambia kwamba serikali haitakubali wadhulumiwe, na kwamba wakiwa na malalamiko ya haki, mahakama za shirikisho zitakuwa wazi kwao kama zilivyo kwa watu wengine wote. Ni Washington yule yule wa mipichi.

Tarehe 11 Novemba 1794, huko Canandaigua, Timothy Pickering alitia saini kwa niaba ya Marekani mkataba na mataifa sita. Ibara ya pili inakiri kwamba ardhi waliyobakiza Waoneida, Waonondaga na Wakayuga katika mikataba yao na New York ni mali yao, na kwamba Marekani haitaidai wala kuwabughudhi humo.

Miezi minane baadaye, tarehe 27 Julai 1795, kwenye kivuko cha feri cha Cayuga, maofisa wa New York waliketi na Wakayuga bila kamishna wa shirikisho na kuichukua ardhi ile yote, isipokuwa maili tatu za mraba, kwa malipo ya dola 1,800 kila mwaka. Hawakuwa hawajui. Mwanasheria Mkuu wa Marekani, William Bradford, alikuwa ametoa maoni kwamba jimbo halina mamlaka ya kununua bila mkataba wa shirikisho, na Pickering alikuwa ameandika kupinga zoezi lile. Gavana wa New York aliyeingia madarakani mwezi huo huo alikuwa John Jay, mtu aliyetoka kuwa Jaji Mkuu wa Marekani. Ukitafuta nchini kote mtu wa kuijua sheria ya 1790, ungeanzia kwake.

Maili tatu zilizobaki zilinunuliwa kwa namna ile ile mwaka 1807 kwa dola 4,800. Hapo Wakayuga wakawa taifa lisilo na hata shubiri moja ya ardhi ndani ya New York.

Mlango

Ukisoma hukumu ya 2005 pekee, unaweza kuamini kwamba kuanzia 1807 hadi 1980 Wakayuga walikuwa wamelala. Hawakulala. Kuanzia katikati ya karne ya 19 walipeleka maombi kwa jimbo, kwa Bunge lake na kwa magavana, wakidai bei waliyopunjwa na malipo yaliyosimamishwa. Wale wa Kanada walikatiwa mgawo wao wa kila mwaka tangu enzi za vita vya 1812, na dai lao lilizunguka hadi likawa ugomvi wa kimataifa. Tarehe 22 Januari 1926 baraza la usuluhishi kati ya Uingereza na Marekani liliamuru Marekani ilipe dola 100,000 kwa niaba yao. Tazama anayedai ni nani: Uingereza. Baraza lilisema wazi kwamba kabila si mtu mbele ya sheria ya kimataifa, kwa hiyo Wakayuga wenyewe wasingeweza kusimama pale. Na hata hapo hoja ilikuwa malipo ya kila mwaka, si ardhi.

Je, mahakama za New York? Huko taifa la wenyeji lilihesabiwa kuwa halina uwezo wa kushtaki kwa jina lake bila kibali maalumu cha Bunge la jimbo, yaani uombe ruhusa kwa mdaiwa wako. Na zile mahakama za shirikisho alizozitaja Washington? Miaka ya 1920 Mmohawk mmoja, James Deere, alijaribu kudai ardhi ya St. Regis kutoka kwa kampuni ya umeme wa maji. Mwaka 1929 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, yaani mahakama ya rufaa ya shirikisho kwa New York na jirani zake, iliitupa kesi yake ikisema kwamba mgogoro wa namna hiyo hauko katika mamlaka ya mahakama za shirikisho.

Kumbuka jina hilo, Mzunguko wa Pili. Mlango ule ulibaki umefungwa miaka 45, mpaka mwaka 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua, katika kesi ya Waoneida, kwamba taifa la wenyeji linaweza kudai ardhi yake ya kale katika mahakama ya shirikisho. Mahakama iliyokosolewa siku hiyo kwa kuwafungia Waoneida nje ilikuwa Mzunguko wa Pili tena. Na mwaka 2005 ni Mzunguko wa Pili uliowaambia Wakayuga kwamba wamechelewa kubisha hodi.

Ukihesabu muda wa kuchelewa kuanzia siku mlango ulipofunguliwa, unapata miaka sita: 1974 hadi 1980. Na hiyo sita haikupita kwa uvivu, maana walikuwa wakizungumza. Makubaliano yalifikiwa: Wakayuga wapewe karibu ekari 5,500 za ardhi ya umma, hasa bustani ya jimbo na msitu, pamoja na mfuko wa dola milioni 8, nao wafute dai lote. Hakuna mkulima ambaye angehamishwa. Wakazi wa eneo hilo walipinga vikali, na mwaka 1980 Baraza la Wawakilishi likauangusha muswada. Tarehe 19 Novemba mwaka huo Wakayuga wakafungua kesi. Waseneca-Cayuga wa Oklahoma, wazao wa waliosukumwa magharibi, wakajiunga, na mwaka 1992 serikali ya Marekani yenyewe ikaingia upande wa wadai.

Hesabu ya McCurn

Mapema miaka ya 1990 McCurn alishaamua kwamba manunuzi ya 1795 na 1807 hayakuwa na nguvu ya kisheria. Iliyobaki ilikuwa dawa. Mwaka 1999 alikataa kuwafukuza wenye nyumba na mashamba walioko, maelfu ya watu ambao wengi wao walirithi au walinunua kwa nia njema. Nadhani hapo alikuwa sahihi, na hata kati ya wanaoitetea haki ya Wakayuga ni wachache wanaotamani kumwona bibi kizee akitolewa sebuleni kwa kosa la gavana wa 1795.

Zikabaki fedha. Februari 2000 jopo la raia liliwapa dola milioni 36.9: milioni 35 thamani ya ardhi, na milioni 1.9 kodi ya pango ya miaka 204 baada ya kutoa milioni 1.6 ambazo jimbo lilikuwa limekwisha kulipa. Soma tena: kodi ya ekari 64,015 kwa zaidi ya karne mbili, hata ukijumlisha zilizokwisha kulipwa, dola milioni 3.5 tu. Riba ilibaki kwa jaji. Alianza na hesabu ya mtaalamu iliyozidi dola milioni 527, akaipunguza kwa asilimia 60, na sababu mojawapo ilikuwa huo huo muda mrefu uliopita. Kwa maneno mengine, Wakayuga walishatozwa faini ya kuchelewa mara moja, mwaka 2001. Ndipo ikapatikana milioni 211 ya riba, na ile jumla yenye senti 42, yote juu ya jimbo.

Majira ya 2005

Kilichoiua hukumu hiyo kilitoka kesi nyingine. Waoneida walikuwa wamenunua sokoni vipande ndani ya ardhi yao ya kale katika mji mdogo wa Sherrill, wakakataa kulipa kodi ya mji, wakisema ardhi imerudi chini ya mamlaka yao. Tarehe 29 Machi 2005 Mahakama ya Juu iliwakatalia kwa kura 8 dhidi ya 1. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg: muda mrefu umepita, eneo limebadilika, watu wamejenga maisha, na mamlaka ya kale hayawezi kufufuliwa kwa kununua viwanja kimoja kimoja. Katika tanbihi ya kwanza alirejea fundisho la ugunduzi, lile la kwamba taifa la Kikristo la Ulaya likifika mahali, haki ya msingi ya ardhi inakuwa yake. Mwanamke aliyesifiwa duniani kwa kupigania usawa, na tanbihi ya karne ya 15. Vatican yenyewe ililikana fundisho hilo mwaka 2023.

Aliyepinga peke yake ni Jaji John Paul Stevens, na hapa pana kichekesho. Mwaka 1985, Waoneida waliposhinda kwa kura 5 dhidi ya 4, Stevens ndiye aliyeandika upande ulioshindwa kwamba dai lilikuwa limechelewa mno.

Sherrill ilihusu kodi ya mji. Haikuhusu fidia kwa ardhi iliyochukuliwa. Lakini tarehe 28 Juni, miezi mitatu baadaye, majaji wawili kati ya watatu wa Mzunguko wa Pili, Jaji José Cabranes akiandika, waliinyoosha hadi ikawafikia Wakayuga: dai lolote linalosimama juu ya haki ya kumiliki ardhi ya kale linavuruga mambo yaliyotulia, kwa hiyo linazuiwa na ucheleweshaji. Na fidia? Nayo ni mtoto wa haki ya kumiliki, kwa hiyo mama akifa mtoto naye azikwe. Hata serikali ya Marekani, ambayo kwa desturi haizuiwi kwa kuchelewa, ilifungwa mlango ule ule. Jaji Janet Hall hakukubaliana nao kuhusu fedha: kulipa fidia hakumhamishi mtu nyumbani kwake.

Hapo ndipo ninapoona hukumu inapoyumba. Hoja ya kuvuruga ina uzito mkubwa dhidi ya kufukuza watu, ila McCurn alishakataa kufukuza watu. Hundi ya jimbo ingevuruga nini, zaidi ya bajeti ya Albany, makao makuu ya jimbo?

Msomaji wa Tanzania au Kenya anaweza kuuliza: mbona hata kwetu dai la kurudisha ardhi lina ukomo wa miaka 12? Ni kweli, lakini ukomo wetu umeandikwa katika sheria, na kila mtu anaweza kuusoma kabla hajafungua shauri. Kwa madai haya, Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1985 kwamba hakuna sheria ya ukomo inayoyazuia. Wakayuga walicheza miaka 20 kwa kanuni hiyo, kisha filimbi ikapulizwa kwa kanuni nyingine. Tarehe 15 Mei 2006 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa yao, bila kutoa sababu, kama ilivyo kawaida yake.

Walipo sasa

Mwaka ule ule wa 2005, kikundi cha wakazi wa kawaida wa eneo hilo, wenyeji na wazungu pamoja, kilikuwa kimenunua shamba la ekari 70 upande wa mashariki wa ziwa na kuwakabidhi Wakayuga. Taifa nalo lilishaanza kununua viwanja kwa fedha zake, likafungua vituo vya mafuta na maduka. Barabarani palijaa mabango ya kupinga taifa huru ndani ya kaunti. Mwaka 2008 masherifu wakavamia maduka kwa sababu ya kodi ya sigara, na mwaka 2010 mahakama ya juu kabisa ya New York ikasema maduka yale yamo ndani ya ardhi iliyotengwa kwa Wakayuga, kwa hiyo kodi ile haikustahili kudaiwa kwa njia hiyo. Kaunti ya Seneca ilijaribu kupiga mnada viwanja vyao kwa kodi ya ardhi isiyolipwa. Mzunguko wa Pili ukaizuia mwaka 2014 na tena mwaka 2020. Mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikasema ukumbi wao wa bingo huko Union Springs uko kwenye ardhi ya taifa, kwa kuwa Bunge halijawahi kuifuta.

Kwa hiyo kipande kimoja cha ardhi ni ardhi ya Wakayuga ukiuza sigara na ukicheza bingo. Kikija kwenye ankara ya kodi ni kiwanja kama viwanja vingine, ila kaunti haiwezi kukinadi. Kikija kwenye fidia, kina watu wengine wenye haki nacho.

Wakayuga wenyewe hawana umoja. Kati ya mwakilishi anayetambuliwa na serikali ya Marekani na machifu wa jadi pana ugomvi wa miaka mingi, na Februari 2020 polisi wa taifa walibomoa usiku majengo yaliyokuwa mikononi mwa upande wa jadi huko Seneca Falls. Jambo hilo ni lao kulimaliza, lakini liliwaumiza pia kwenye ombi lao la mwisho la ardhi.

Katika hukumu ya Sherrill, Ginsburg aliwaelekeza Waoneida njia iliyo sahihi: waombe Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani iipokee ardhi chini ya amana ya serikali ya shirikisho, nayo itapima masilahi ya pande zote. Wakayuga wakaomba kwa njia hiyo hiyo, mwaka huo huo wa 2005, kwa ekari kama 125. Wizara ilijibu mwaka 2020: hapana.